Vichuguu vya Bahari na Milima ya Kilosa

Watu waendao kutazama wanyama katika mbuga ya Mkata, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hurudi makwao na habari za simba, tembo na nyati. Ni nadra kumsikia mmoja akisimulia habari za kichuguu. Naam, kichuguu hakingurumi wala hakikimbii. Lakini kikipimwa kwa kulinganishwa na kimo cha mchwa aliyekijenga, majengo mengi ya binadamu huonekana kuwa kazi ndogo. Tena kichuguu kina jambo moja linalostahili kufikiriwa na kila mwenye kupenda sayansi: mchwa wakiisha kufa au kuhama, jengo hubaki. Mpita njia wa baadaye hataona hata mchwa mmoja, na hata hivyo hatasema kwamba udongo ule ulijiinua wenyewe.

Chini ya bahari za kale vilikuwako vichuguu vya namna hiyo. Havikuwa vya udongo bali vya chokaa, yaani kalisi kaboneti, na vimo vyake vilitofautiana sana, kuanzia shubiri moja hadi kilima kizima. Mafundi wake walikuwa viumbe wa aina nyingi: bakteria wasioonekana kwa macho matupu, sifongo, matumbawe, na jamaa nyingine ambazo zimekwisha kutoweka kabisa duniani. Sehemu kubwa ya mawe ya chokaa yanayochomwa leo kwa ajili ya saruji na kupaka kuta ni kazi ya viumbe kama hao, au ni vumbi na mabaki yaliyotokana na kazi yao.

Husemwa mara nyingi kwamba wilaya ya Kilosa haina visukuku katika milima yake, na kwa hiyo mwalimu wa huko hana la kuwaonyesha wanafunzi wake juu ya historia ya uhai. Mwenye kutaka visukuku na aende Olduvai au Tendaguru. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ina ukweli wake. Sehemu ya pili ni kosa, na ni kosa lenye hasara, kwa sababu milima ya Kilosa inaweza kufundisha jambo ambalo mifupa mikubwa haiwezi kulifundisha: namna mwanasayansi anavyopaswa kuliendea jengo ambalo fundi wake hayupo, na alama zake zimefutika.

Yafaa kwanza kueleza ujenzi wenyewe. Fundi wa kale kuliko wote ni utando wa bakteria. Utando huu hutanda juu ya sakafu ya maji yasiyo na kina kirefu, ukiwa laini na wenye kunata kama ute wa bamia. Chembe za mchanga na tope zinazopita hunaswa humo. Wakati huohuo bakteria, kwa kuitumia nuru ya jua kujitengenezea chakula, huivuta hewa ya kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji yaliyopungukiwa na hewa hiyo huiachia chokaa yake kuganda. Utando ukifunikwa, bakteria hupanda juu kuitafuta nuru na kutanda upya. Tabaka jembamba huwekwa juu ya tabaka jembamba, miaka nenda miaka rudi, hata likapatikana jiwe lenye mistari iliyopindika kama vikombe vilivyofudikizwa kimoja juu ya kingine. Jiwe hilo huitwa stromatoliti. Katika ghuba ya Shark Bay, Australia ya Magharibi, ambako stromatoliti bado zinakua, ongezeko lake kwa mwaka halifiki hata nusu milimita. Jiwe linalofika magotini mwa mtu ni kazi ya karne na karne.

Kazi hii ni ya kale mno. Katika Australia hiyohiyo, eneo la Pilbara, zimo stromatoliti zenye umri wa miaka milioni 3,480 hivi. Kwa muda ulio mrefu kuliko historia yote ya wanyama, hapakuwa na wajenzi wengine baharini ila hao. Na yafaa kukumbuka kwamba ni jamaa ya bakteria hao walioijaza anga oksijeni, kuanzia yapata miaka milioni 2,400 iliyopita. Kila apumuaye ana deni kwao.

Wanyama waliingia katika kazi hii wakiwa wamechelewa sana. Huko Namibia, katika miamba ya chokaa yenye umri wa miaka milioni 548 hivi, vimo visukuku vya kiumbe kidogo kiitwacho Cloudina, chenye umbo la koni zilizopachikwa moja ndani ya nyingine. Mwaka 2014 wataalamu kadhaa walitangaza kwamba viumbe hao walikuwa wamegandamana na kujenga miamba ya kwanza ya wanyama. Mwaka 2018 wengine waliyachunguza mawe hayo kwa kuyasaga tabaka baada ya tabaka na kuyapiga picha, wakaona kwamba nyingi ya koni hizo zilikuwa zimesukumwa na maji na kulala ovyo, wala hazikuwa mahali zilipokulia. Ubishi huo ni afya kwa sayansi. Baadaye, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, walikuja sifongo wenye umbo la bilauri, waitwao arkeosiathi, ambao kwa kushirikiana na bakteria walijenga vilima vya chokaa kuanzia Siberia hadi Moroko, kisha wakatoweka karibu wote katika muda ambao kwa kipimo cha miamba ni mfupi.

Lakini vilima vinavyosumbua akili zaidi ni vile visivyoonyesha fundi yeyote. Katika jangwa la mashariki ya Moroko, mahali paitwapo Hamar Laghdad, vimesimama vilima vya chokaa vyenye umbo la koni, vingine vikikaribia mita 50 kwenda juu. Wenyeji huviita Kess-Kess, na umri wake ni kama miaka milioni 400. Mtu aliyezoea vichuguu vya Mikumi akiviona kwa mbali hatakosa kushangaa. Vilima vya jamaa hiyo, ingawa ni vya baadaye kidogo, vimo pia Ireland, na vimo Ubelgiji karibu na kijiji cha Waulsort, ambacho kimevipa jina. Ukivunja jiwe lake, sehemu kubwa yake ni tope laini la chokaa lililoganda. Wanyama wamo, lakini wametawanyika kama zabibu katika keki, nao hawaelekei kuwa ndio walioushikilia mlima. Nani basi aliyelizuia tope lile lisimomonyoke na kuteleza? Wengi huwataja bakteria. Wapo wanaoongeza kwamba, kwa vilima vya Moroko, maji ya moto au gesi zilizofoka kutoka chini ya sakafu ya bahari zilichangia. Jengo lipo, fundi hayupo, na mahakama ya sayansi bado inasikiliza mashahidi.

Kilosa inaingia hapa. Ukanda mkubwa wa miamba unaopita mashariki ya Tanzania, ambamo imo milima ya mkoa wa Morogoro, ni wa miamba geu. Kuanzia Uluguru hadi Mahenge zimo ndani yake tabaka za marumaru, na marumaru hiyo ndiyo inayobeba vito vya Matombo na Mahenge, rubi na spineli, vinavyojulikana na wafanya biashara wa dunia nzima. Marumaru ni nini? Ni chokaa iliyopikwa. Baina ya miaka milioni 640 na 550 hivi iliyopita, mabara yalipogongana, mashapo yaliyokuwa sakafu ya bahari yalisukumwa chini kwa makumi ya kilometa, yakapata joto ambalo mahali pengine lilizidi digrii 700, kisha yakainuliwa tena yakawa milima. Ndani ya tanuri hilo chembe zote za chokaa ziliyeyusha mipaka yake na kukua upya zikawa fuwele kubwa zing'aazo. Kama palikuwa na stromatoliti, mistari yake ilikandwa kama unga wa maandazi. Inapendeza kukumbuka kwamba wakati tanuri hilo likielekea mwisho wake, huko Namibia Cloudina alikuwa hai baharini.

Je, chokaa ile ya awali ilijengwa na viumbe? Jibu la haraka ni kusema ndiyo, kwa kuwa enzi hizo bakteria walikuwa wajenzi wakuu wa chokaa baharini. Jibu hilo linaweza kuwa la kweli, lakini halijathibitishwa na jiwe lenyewe, na mwanafunzi afundishwe kuitambua tofauti. Funzo kali juu ya jambo hili limetoka Greenland. Mwaka 2016 lilitangazwa kundi la maumbo ya pembetatu katika miamba geu ya huko yenye umri wa miaka milioni 3,700, yakasemwa kuwa ni stromatoliti za kale kuliko zote. Habari hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 2018 kundi jingine la wataalamu, likiongozwa na Abigail Allwood, lilikwenda kulitazama jiwe lilelile kwa pande zake zote, likaeleza kwamba maumbo hayo, yaliyoonekana kama vilima kwa upande mmoja, kwa upande mwingine yalikuwa matuta marefu, yaani mikunjo iliyofanywa na mkandamizo wa mwamba. Waliotangaza kwanza hawakukubali, na mjadala umeendelea. Lakini kanuni iliyotokea ni nzuri: jiwe lililopikwa na kukunjwa lisisadikiwe kwa sura ya upande mmoja.

Kwa bahati, tanuri halikufuta kila kitu. Katika ukanda huohuo, hasa Mahenge, kuna madini ya kinywe kwa wingi. Kinywe ni kaboni tupu. Wataalamu wengi huichukulia sehemu kubwa ya kinywe cha aina hiyo kuwa ni mabaki ya viumbe waliozikwa pamoja na tope la bahari, wakapikwa hata umbo lote likapotea. Ushahidi hutafutwa katika uzito wa kaboni yenyewe: zipo atomi za kaboni nyepesi na zipo nzito kidogo, na viumbe hai hupendelea zile nyepesi. Mkataji wa kuni aliyechoma mti hawezi kukurudishia majani yake, lakini mkaa unasema kwamba mti ulikuwapo. Kadhalika bahari ile ya kale, hata kama haitaonyesha kichuguu kimoja kilicho kizima, imeacha mkaa wake. Mwanafunzi anayeandika kwa penseli anaandika kwa madini ya aina hiyo.

Basi mwalimu wa Kilosa ana jiwe la kuanzia. La pili haliko mbali. Reli ya kati, ambayo mwaka 1907 ilikuwa imefika Morogoro na mwaka 1914 Kigoma, ilijengwa kwa ajili ya biashara na utawala wa Wajerumani. Lakini ilikata njia katika miamba ambayo hapo awali ilifunikwa na udongo na vichaka. Kidugalo, baina ya Ruvu na Ngerengere, ni miongoni mwa mahali ambapo tabaka za bahari ya kipindi cha Jurasiki zilijulikana kwa msaada wa reli hiyo. Edwin Hennig, yuleyule aliyekuwa mmoja wa viongozi wa uchimbaji wa Tendaguru, aliziandikia kitabu mwaka 1924. Humo mna chokaa ya chembe za mviringo, mithili ya mayai ya samaki, yenye umri wa miaka milioni 170 hivi, na ndani yake visukuku vya wanyama wa kombe. Hiki si kichuguu, kwa sababu chembe hizo ziliviringishwa na mawimbi; lakini ni chokaa isiyopikwa, na mtu aliyetoka kutazama marumaru ataona mara moja nini kilichopotea katika marumaru. Pande za Mikumi zina miamba ya Karoo, ambayo ni mashapo ya mito na maziwa ya nchi kavu, nayo haihusu sana mazungumzo haya.

Mwenye kutaka kuwaona mafundi wenyewe wakiwa kazini, naye apande reli hiyohiyo hadi mwisho wake. Katika maji ya ziwa Tanganyika, yenye chokaa nyingi, stromatoliti zimejengwa juu ya mawe ya mwambao, na wataalamu walioanza kuzichunguza katika miaka ya 1980 walizitumia kueleza kupanda na kushuka kwa ziwa katika maelfu ya miaka iliyopita. Huko kaskazini, stromatoliti zilizoachwa juu ya miamba ya nchi kavu kuzunguka maziwa ya Natron na Magadi zinaonyesha kwamba maziwa hayo mawili yaliwahi kuwa ziwa moja lenye maji ya juu zaidi. Nazo stromatoliti za kale sana zimeonekana katika mawe ya chokaa ya miamba ya Malagarasi, magharibi ya nchi, ambayo haikupata kupikwa kama ile ya Morogoro. Kwa maneno mengine, njia moja ya reli inamfikisha mtu kwa fundi aliye hai, kwenye jengo lililobaki, na kwenye jengo lililoungua. Ni nchi chache ziwezazo kutoa darasa la namna hiyo.

Lakini nani analitumia? Tendaguru inajulikana kwa sababu uchimbaji wa mwaka 1909 hadi 1913 ulipeleka Berlin mifupa ya mnyama mrefu kupita nyumba, na fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959 liliipa nchi hii heshima isiyo na kifani. Heshima hiyo ni halali, wala haipunguzwi na makala haya. Hata hivyo imejenga mazoea ya kudhani kwamba kisukuku ni mfupa, na kwamba kisicho na mfupa ni jiwe tu la kusagwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo, ukiisoma, fikira zake kubwa zi juu ya binadamu, makazi yake na kazi za mikono yake. Kazi ya bakteria haina mtetezi.

Nayo inachomwa kila siku. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kaskazini ya Dar es Salaam, kimekuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1966, na malighafi yake ni mawe ya chokaa ya kilima chenyewe. Katika kila kilo 100 za chokaa safi zinazoingia tanuri, kilo 44 huondoka zikiwa hewa ya kaboni dayoksaidi, ileile ambayo viumbe waliifunga ndani ya jiwe. Hapana mtu mwenye akili atakayesema saruji isitengenezwe. Nyumba, madaraja na reli zenyewe zaihitaji. Wazee wa pwani walijenga misikiti ya Kilwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na hakuna awalaumuye. Kinacholaumiwa ni kuchoma bila kusoma. Kabla tabaka haijalipuliwa, kipande kimoja cha ukubwa wa kitabu kingeweza kukatwa, kuandikwa mahali na kina kilikotoka, na kuwekwa. Gharama yake haifiki bei ya baruti ya siku moja.

Hali ni ileile kwa reli mpya, ambayo mwaka 2024 ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Wilayani Kilosa yalichimbwa mahandaki manne. Kwa ujenzi wa aina hiyo mwamba huchorongwa kwanza, na nguzo ndefu za mawe hutolewa chini ili wahandisi waujue uimara wake; kisha handaki likiisha kuchimbwa, kuta zake hufunikwa kwa zege, na mwamba hauonekani tena. Nguzo zile za mawe ni kitabu ambacho hakitachapwa mara ya pili, maana hapana atakayelibomoa handaki ili atazame. Mahali pake panapostahili, kazi ya wahandisi ikiisha, ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania huko Dodoma, na vipande vyake, hata vikiwa vya urefu wa shubiri, vingefaa kupelekwa katika shule za Kilosa, Kimamba na Mikumi. Wapo watakaosema kwamba mwamba wa handaki ni mwamba mgumu usio na kisukuku, basi una faida gani kwa mtoto wa shule? Faida yake ndiyo iliyokwisha elezwa: mtoto huyo ataishi katika milima hiyo, na ni afadhali ajue kwamba sehemu ya miamba yake ilikuwa tope la bahari kuliko kudhani kwamba historia ya dunia ilitokea mikoa mingine.

Wala somo hili halihitaji maabara. Mawe matatu yatosha: kipande cha mwamba wa handaki, kipande cha marumaru kutoka Matombo, na kipande cha chokaa ya Kidugalo. Kila kimoja kikwaruzwe kwa msumari hata upatikane unga kidogo, na juu ya unga huo idondoshwe siki au maji ya ndimu. Unga wa mwamba wa handaki, kama hauna chokaa, utalowa tu. Ile ya Kidugalo itachemka na kutoa mapovu, na kombe zilizomo ndani yake zitaonekana kwa macho. Marumaru nayo, isiyo na kombe, wala mstari, wala alama yoyote ya fundi, itatoa mapovu yaleyale.